Maji Waliyoyapenda Mbuzi

Jumamosi watu hunijia nyumbani kuniuliza habari za kisima. Mtu amepata ploti yake hapa Lodwar, amejenga vyumba viwili vya mawe, amechoka kuamkia foleni ya mitungi, na sasa anataka maji yake mwenyewe uani. Ananiuliza achimbe upande gani wa ploti. Ananiuliza mashine ya nani ni nzuri, sola ngapi zinatosha, tangi liinuliwe kiasi gani. Mmoja alitaka kujua kama maji ya upande wa Kawalase ni mepesi kuliko ya Nakwamekwi, utadhani mimi hulala huko chini. Nawajibu yote, maana kazi yangu ni maji na sina choyo cha maneno. Kisha nangoja waulize swali moja la maana, na hawaliulizi mpaka nilitaje mimi. Mimi pia sikuliuliza. Ndiyo maana mwanangu, ambaye sasa ana miaka minane, hawezi kukimbia.

Nimelisema mapema ili nisije nikajificha nyuma ya hadithi.

Kazi yenyewe iko Kakuma, kambini, na nimeifanya tangu kabla huyu mtoto hajazaliwa. Asubuhi nabeba sanduku la barafu lenye chupa ndogo ndogo, nazunguka visima vilivyochimbwa kando ya lagga ya Tarach, mto wa mchanga unaotiririka mvua ikinyesha tu, halafu nafuata mabomba wanakochotea wakimbizi. Nafungua bomba, naacha maji yatoke kwanza, nasuuza chupa kwa maji yale yale mara tatu, najaza, nafunga, nabandika karatasi ya mahali na saa. Chupa zinafika maabara kabla ya adhuhuri. Kisima kikionyesha dalili yoyote mbaya tunakifunga siku hiyo hiyo, na watu wapige kelele wapendavyo. Nimeshawahi kutukanwa kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili cha Kongo kwa kufunga bomba, na sikurudi nyuma hata mara moja. Nilijiona mtu mkali na mwenye haki. Nilipenda kujiona hivyo.

Jumatatu mpaka Ijumaa nalala Kakuma, kwenye chumba cha wafanyakazi, nakunywa maji niliyoyapima mwenyewe. Ijumaa jioni narudi Lodwar kwa mama yangu, aliyebaki akimlea binti yangu. Baba yake mtoto alishika njia yake mapema, na sina la kusema juu yake hapa.

Binti alikuwa anaanza kutembea nilipoamua kuchimba. Bomba la mtaani lilikuwa linatoa maji likipenda. Lisipotoa, mama alichukua karai na kikombe, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuchimba mchanga wa lagga kama alivyofanya maisha yake yote. Unachimba kwa mikono mpaka mchanga ulowe, unangoja, unateka kikombe kwa kikombe. Ijumaa moja nilimkuta ameketi mlangoni, hawezi kunyoosha mgongo, na mtungi mmoja tu umejaa nusu. Niliona aibu. Mimi ninayehesabiwa kuwa mtu wa maji, mama yangu anakwangua mchanga! Nikakata shauri siku hiyo.

Na nilifanya kila kitu sawasawa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nilimleta mpimaji wa ardhi kutoka nyanda za juu, mtu mzima mwenye nyaya na kisanduku chake cha kutafutia maji, akatembea uani kutwa nzima. Niliomba kibali kabla ya mashine kukanyaga ploti. Wengi huchimba kwanza na kuomba baadaye, halafu wanalia. Nilikataa kuchimba karibu na choo chetu, nikapanda juu ya jiwe nikachungulia choo cha jirani kilipo pia, maana maji ya chini hayajui ua. Zizi la mbuzi wa mama nikalihamisha upande wa chini wa mteremko. Mama alinung'unika wiki nzima kwamba mbuzi wake wamefukuzwa kwao kwa ajili ya shimo.

Mchimbaji alikuwa mmoja wa wale waliokuja na kazi za mafuta kule Lokichar, kazi ilipopoa akabaki na mashine yake anachimbia watu maji. Alikuwa mtu wa maneno machache, ameziba masikio kwa pamba, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Siku ya pili vumbi likageuka tope la kijivu, kisha yakaja maji ya kwanza, membamba. Akazima mashine, akanijia.

"Madam, maji tumepata. Iko kidogo lakini iko tamu. Tusimame hapa ama tuende?"

Nilionja. Yalikuwa matamu kweli. Lakini nilitazama ule uzi wa maji nikaona hautajaza tangi, na kiangazi kikija utakatika. Nikamwambia aende. Nasema hivi kwa kila anayekuja kwangu sasa: ukifikia maji ya kwanza, yapime hayo kabla hujashuka zaidi, kwa sababu maji ya chini zaidi si yale yale yaliyoongezeka. Ni maji mengine, yamekaa na mawe mengine, na yana tabia zake. Mimi nilijua hivyo. Nilikuwa nimewaeleza watu hivyo kwa mdomo wangu.

Maji ya pili yalipanda kwa nguvu, yakaruka juu ya mabati ya choo, na mtaa mzima ukaja. Wanawake walipiga vigelegele. Mtoto wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mimi nilikinga kiganja nikaonja, na yalikuwa laini mdomoni, ya kuteleza kidogo, yenye chumvi kwa mbali.

Mama hakuonja. Alienda kufungua mbuzi.

Kwetu maji mapya hayaanzi na mtu. Mfugaji akifika mahali ambapo hapajui, akachimba, akapata maji, huwaacha mbuzi watangulie. Mbuzi ana pua na ulimi kuliko sisi. Maji yakiwa na sumu atanusa, atapiga chafya, atarudi nyuma. Akinywa na kurudia, mtu naye anakunywa. Mababu zetu wamevuka nchi hii kavu kwa akili hiyo na hawakufa, kwa hiyo sikucheka wakati ule na sicheki hata leo. Mama akamwaga maji kwenye karai, na mbuzi walikanyagana. Walikunywa, wakanyanyua vichwa, wakarudia, wakalamba mpaka karai lenyewe. Mama akamgeukia mchimbaji kwa Kiswahili chake.

"Wewe naona? Mbuzi hapana danganya. Hii maji yeye nataka mpaka namaliza karai."

Mchimbaji alitabasamu. Kisha, tulipokuwa tumesimama pembeni, akaniambia taratibu: "Madam, hata hivyo peleka chupa moja maabara kabla nifunge pampu."

Nikamjibu, "Najua kazi yangu."

Mbuzi hupenda chumvi. Ndilo jambo lote. Maji yale yalikuwa na magadi ndani yake, na pamoja na magadi yalikuwa na madini yasiyo na rangi, yasiyo na harufu, yasiyo na ladha, yanayoitwa floraidi. Ikiwa kidogo sana huyafaa meno. Ikizidi, mwili wa mtoto unaichukua na kuijengea mifupa. Pua ya mbuzi haiwezi kuijua. Na hata ingemdhuru mbuzi, nani angeona? Mbuzi wetu huuzwa au kuchinjwa kabla mifupa yake haijapata muda wa kulalamika.

Chupa niliijaza. Nilisuuza mara tatu, nikafunga, nikaiweka mkobani. Mama aliniona.

"Unampelekea nani maji yetu?"

Alikuwa amekwisha kunyunyiza yale maji mlangoni, amempaka mtoto kwenye paji la uso, amewabariki wote waliokuwapo. Nikamwambia naenda kuwaonyesha wenzangu. Jumatatu nilifika Kakuma, nikaiweka ile chupa dirishani kwangu, nikasema kesho. Kesho yake kulikuwa na bomba lililopasuka. Wiki iliyofuata nikasema chupa imekwisha kukaa mno, haifai kupimwa, nitachukua nyingine nikirudi. Baadaye maji yake nikaumwagia mche wa mwarobaini ulio mbele ya chumba.

Muda mrefu nimewaambia watu, na nimejiambia mimi mwenyewe, kwamba nilifanya hivyo kwa heshima ya mama. Ni uongo mtupu. Nisingeshindwa kupima kwa siri. Ukweli ni kwamba sikutaka jibu. Ningeambiwa maji ni mabaya ningelazimika kuziba shimo ambalo mtaa mzima umelishangilia, na kumrudisha mama kwenye mchanga. Kambini nilikuwa nafunga visima vya wenzangu bila kupepesa macho. Changu nilikiogopa.

Basi tukaishi. Nilikitunza kile kisima hata wageni wakashangaa. Mdomo wake nilijengea saruji iliyoinuka ili maji ya mvua yasiingie, na kifuniko cha chuma chenye kufuli. Nilizungushia miiba ili mbuzi wasikojoe karibu. Tangi niliosha kila baada ya miezi mitatu, mimi mwenyewe ndani yake na brashi. Nilifunga jiwe kwenye kamba nikawa napima maji yamefikia wapi, naandika kwenye daftari, ili pampu isije ikavuta hewa na kuungua. Pampu ilipoanza kutoa mchanga niliisikia kwa sauti tu kabla mtu hajaona. Hayo yote ni ya kweli na nawashauri watu wayafanye. Unaweza kukitunza kisima miaka na miaka kikakuua polepole, kikiwa safi.

Majirani walichota kwetu. Hilo halikujadiliwa. Kwetu mwenye kisima anaweza kuombwa kwanza kabla ng'ombe na mbuzi wa mtu hawajanyweshwa, na anaweza hata kukataa. Lakini mtu mwenye kiu humnyimi. Asubuhi mitungi ya njano ilijipanga kwenye ukuta, na wenye mitungi wakinisalimu kwa salamu yetu, "Ejok!" nami nikiwajibu kutoka ndani nikiwa bado nafunga khanga. Nilipenda asubuhi zile. Nilipenda kuulizwa. "Mama, hii maji mtoto anaweza kunywa?" Nikawajibu, chemsheni. Kila Ijumaa nilipofika nyumbani neno langu la kwanza kwa mama lilikuwa, "Ulimchemshia?" Naye aliniambia ndiyo, na ilikuwa kweli, sufuria ilikuwa nyeusi kwa ushahidi.

Mvua zikakosa mwaka, zikakosa mwaka mwingine. Mbuzi wakapungua, na waliobaki hawakuwa na maziwa. Mtoto akakua kwa uji, chai ya rangi na maji.

Meno yake ya kwanza yalikuwa meupe, mazuri. Yalipong'oka na mengine kuota, yale ya mbele yalitokeza na mabaka ya chaki, kisha mabaka yakawa kahawia. Wenzake wa shule walimwita mdomo wa kutu. Akaanza kucheka na mkono mdomoni, baadaye akaanza kusema na mkono mdomoni, mpaka sauti yake ikawa inatoka katikati ya vidole.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikushtuka. Mama yangu alizaliwa Kataboi, kando ya ziwa, na meno yake ni kahawia tangu nimjue. Ndugu zake wote wako hivyo. Kwetu meno hayo ni kama chale, yanasema mtu ametoka upande gani. Mama alipoyaona ya mjukuu alifurahi, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Sasa huyu ni wa kwetu," akasema.

Nikacheka naye. Naikumbuka sauti ya kicheko changu, na kama ningeweza kuifuta ningeifuta.

Halafu ikaja miguu. Mwalimu wake aliniambia mtoto hachezi tena, wenzake wakitoka yeye hukaa ukutani. Nikamwambia labda ni uvivu. Jumamosi moja nilimtuma dukani nikamtazama akienda. Magoti yalikuwa yanagongana. Alikuwa anazungusha mguu mmoja kuupita mwingine, kama mtu anayekwepa dimbwi, na njia ilikuwa kavu tupu. Nilimwita arudi. Nikamwambia asimame wima, aunganishe miguu. Magoti yaligusana, na nyayo zilibaki mbali mbali, ungeweza kupitisha mtungi mdogo katikati. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, na mkono mdomoni, "Ilikuwa inauma tu usiku, nyanya ananikanda."

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mpole, mgeni wa huku. Alimlaza, akamkunjua, akampiga picha za mifupa. Akatazama meno. Kisha akauliza, "Mama, mnakunywa maji gani?"

Nilijibu kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari, hata saa ile. "Ya kisima chetu wenyewe. Na mtoto tunamchemshia, tangu alipoacha kunyonya."

Daktari aliweka kalamu chini. Akanieleza taratibu, asijue anamweleza nani, kwamba kuchemsha huua vijidudu, hakutoi madini. Ukichemsha maji yanapungua na madini yanabaki pale pale, kwa hiyo kikombe kinachobaki kina makali zaidi ya kile ulichoanza nacho. Dawa ya klorini nayo haifanyi kitu. Akasema na kukosa maziwa kumezidisha. Nilikuwa nayajua yote hayo. Ningeweza kumalizia sentensi zake. Binti yangu alikuwa ameketi juu ya kitanda kile kirefu, miguu inaning'inia, anamsikiliza daktari kwa makini kuliko mimi.

"Itanyooka?" niliuliza.

"Akiacha maji hayo, haitazidi sana," akasema. "Pengine atafanyiwa upasuaji akikua. Meno hayatarudi."

Jumatatu nilipeleka chupa maabara, imefungwa vizuri, bila jina la mahali. Mwenzangu anayepima ni mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa utani mwingi, tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Saa ile hakutania. Alirudia kipimo, kisha akatoka nje na karatasi mkononi kunitafuta.

"Dada, hii mayi ilitoka wapi? Hii si ya kambi."

"Ni ya mtu wa Lodwar," nikamwambia.

"Mwambie asikunywe tena. Iko mubaya sana. Iko na watoto kwake?"

Nikasema yuko mmoja. Nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso kwa maji safi ya kambi, nikarudi kazini.

Nilimwambia mama Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mbuzi wangapi wamekufa kwa maji hayo. Nikasema hakuna. Akauliza yeye mwenyewe amekufa? Nikasema hapana. Nikajaribu kumweleza kwamba mfupa wa mtu mzima umekwisha kujengwa, kwamba wa mtoto ndio unaojengwa, akaninyamazisha kwa mkono. "Wewe ulikuwa huko kwenye chupa zako," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa hapa nikimpa." Siku zile alizidi kumkanda mtoto miguu kwa mafuta, asubuhi na jioni, bila kunitazama. Nilimpenda na nikamwonea hasira kwa wakati mmoja, na hasira yenyewe haikuwa yake.

Mtoto nikaanza kumletea maji kutoka Kakuma, mitungi miwili kila Ijumaa, imefungwa na karatasi ya plastiki chini ya kifuniko. Hayo yakawa yake peke yake, ya kunywa na ya kupikia uji wake.

Na majirani?

Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka kabisa. Lagga ilikuwa imechimbwa mpaka mtu anapotelea ndani ya shimo, na upande huo watu walikuwa wanaugua tumbo. Nilifunga kisima kwa kufuli, nikasema pampu imeharibika. Wanawake hawakugomba. Walikaa ukutani na mitungi yao siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, watoto wamelala mapajani mwao, wanangoja fundi. Siku ya nne mama alichukua ufunguo chini ya godoro langu akawasha pampu mwenyewe, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nikatazama maji yanajaa mitungi. Nilijiambia watu wazima hayawadhuru sana. Nilijiambia ni ya kufulia. Nilijiambia nitawaita wote nikae nao, niwaeleze vizuri, wiki ijayo. Nilikuwa mtu waliyemwamini, na sikujua nitaanzaje kusema kwamba watoto wao wamekunywa nini, na kwamba nilikuwa na chupa mkononi tangu siku ya kwanza. Wiki ijayo ikawa miezi. Nilipita kati ya mitungi yao nikibeba ile yangu miwili iliyofungwa plastiki.

Jumamosi moja asubuhi alikuja jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mdogo tu, mtoto wake wa kwanza mgongoni. Mtungi wake ulikuwa umejaa, ameuegemeza ukutani. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tangi na daftari lake la shule.

"Mama," yule jirani akaniambia, "huyu nataka nianze kumpa uji sasa. Maziwa yangu imeisha. Hii maji nampa hivi tu ama nachemsha?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kumwambia. Lakini mdomo una njia zake ulizozoea, na ukapita njia ile ile.

"Chemsha vizuri," nikasema.

Jirani akashukuru, akainama kuchukua mtungi.

Binti yangu aliteremka kwenye ngazi. Alichukua muda, maana ngazi humpa taabu, na sisi wawili tukasimama tukimngoja bila kujua tunangoja nini. Akaja mpaka mbele ya yule mwanamke. Akaondoa mkono mdomoni, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu, akauinua uso juu, akafungua mdomo wote.

"Mimi nilichemshiwa," akasema.

Jirani aliyatazama yale meno. Akashuka kwa macho mpaka kwenye magoti, akarudi juu, kisha akanitazama mimi, na sikuwa na pa kuweka uso. Akamzungusha mtoto wake kutoka mgongoni, akamshika mashavu mpaka mdomo ukafunguka, akaingiza kidole akapapasa fizi, polepole, kulia na kushoto. Hapakuwa na jino bado.

Alimfunga tena mgongoni. Akasimama kidogo akiutazama mtungi wake. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Nilidhani ataumwaga. Hakufanya lolote katika hayo. Aliuinua, akauweka kichwani, akatoka nao langoni bila kuniaga, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa na siku hiyo hakukuwa na maji mengine.